Binti mrefu na mpira wa wavu

 

Leo ninajibu ulizo lililotufikia kupitia kikundi cha wamama cha upande wa Nyabiondo. Mama mmoja ana binti wa miaka 15, mrefu kupita kaka zake wote wawili. Shuleni anacheza voliboli, na mwalimu wake amesema kwamba akiendelea hivyo anaweza kufika mbali. Baba hataki. Kwake yeye, msichana anayeruka-ruka na kaputula mbele ya watu anajiharibia jina, na hakuna familia itakayokuja na mahari kwa binti wa namna hiyo. Shangazi naye ameongeza kuni kwenye moto: mpira haujalisha mtu. Mama anataka kujua kama voliboli ni kazi kweli, ama ni mchezo wa watoto unaoishia kwenye kiwanja cha shule.

Niliona heri nisijibu mbio mbio, kwa sababu wako wengi nyumbani mwetu wanaoulizana jambo hilo hilo jioni, kando ya moto, wakati binti amekwisha kulala. Basi tuanze kwa majirani zetu wa Kenya, maana huko iko njia ambayo wanawake wamekwisha kuipita na tunaweza kuona ilikowafikisha.

Kenya inajulikana dunia nzima kwa watu wa mbio. Ukisema Kenya, mtu anafikiri mara moja wale wembamba wanaokimbia marathoni. Lakini sikilizeni jambo hili. Kwenye michezo ya Olimpiki, siku ya kufungua, kila nchi inachagua mtu wa kubeba bendera yake mbele ya wenzake wote. Mwaka 2004, huko Athens katika Ugiriki, aliyebeba bendera ya Kenya alikuwa Violet Barasa, mchezaji wa voliboli. Mwaka 2021, huko Tokyo, bendera ilibebwa na watu wawili, mwanaume na mwanamke. Mwanamke alikuwa Mercy Moim, kapiteni wa timu ya voliboli. Mwaka 2024, huko Paris, nchi zote zilipita kwa mashua juu ya mto Seine chini ya mvua, na mwanamke aliyeshika bendera ya Kenya alikuwa tena kapiteni wa voliboli, Triza Atuka, pamoja na mkimbiaji Ferdinand Omanyala. Mara tatu! Katika nchi yenye mabingwa wa mbio wengi namna ile, mara tatu bendera imekabidhiwa mwanamke wa mpira wa wavu.

Na walivaa nini uwanjani? Kaputula. Taifa lao halikuona aibu.

Timu hiyo ya wanawake inaitwa Malkia Strikers. Katika Afrika imekuwa bingwa mara 10. Mara ya kwanza mwaka 1991, na mara ya 10 mwaka 2023 huko Yaoundé, ilipowafunga Wamisri kwenye fainali. Lakini nisiwadanganye kwa kuonyesha upande mtamu peke yake. Katika Olimpiki, Kenya imekwenda mara nne, mwaka 2000, 2004, 2021 na 2024, na haijapata kushinda mchezo hata mmoja. Wanafika, wanacheza na Brazili, wanacheza na Japani, wanafungwa, wanarudi nyumbani. Mwaka 2018, kwenye ubingwa wa dunia huko Japani, waliifunga Kazakhstan seti tatu kwa sifuri, na furaha ilikuwa kubwa kwa sababu ushindi wa namna hiyo walikuwa wameungoja muda mrefu. Mimi ninawaheshimu kwa hilo zaidi ya makombe. Mwanamke anayejua kwamba kesho atakutana na wenye nguvu kumpita na bado anaamka alfajiri kwenda kufanya mazoezi, huyo tunamjua vizuri sisi wa huku.

Sasa tuje kwenye pesa, maana shangazi wa Nyabiondo anangoja hapo.

Huko Kenya, timu kubwa za wanawake hazikuanzishwa na tajiri mmoja anayependa mpira. Ni za waajiri. Moja ni ya Magereza ya serkali. Nyingine ni ya benki ya KCB. Nyingine ni ya Kenya Pipeline, ile kampuni inayosafirisha mafuta ya petroli kwa mabomba. Binti akionekana na kipaji shuleni, mwajiri wa namna hiyo anaweza kumchukua, naye anacheza kwa jina la mwajiri. Mercy Moim, yule kapiteni wa Tokyo, amecheza miaka mingi kwa jina la Magereza. Kwa mama mzazi, maana yake ni nini? Ni kwamba mpira unaweza kuwa mlango wa kupata kazi, na ile kazi ndiyo inayobaki siku magoti yatakapokataa. Mtu anaingia kwa sababu ya kuruka, kisha anabaki kwa sababu amejifunza kazi yenyewe, ana kiti chake na mshahara wake wa mwezi.

Na kabla ya mwajiri iko shule. Mashule ya sekondari ya wasichana kama Kwanthanze huko Machakos na Lugulu huko Bungoma yamejenga jina kwa voliboli kama vile mashule mengine yanavyojenga jina kwa mitihani. Wasichana wanalala pale pale shuleni, wanasoma na kucheza mahali pamoja. Ndiyo sababu mzazi hawekwi mbele ya uchaguzi ule mchungu wa kitabu au mpira.

Wachezaji wachache wanapita hapo na kwenda kucheza ng'ambo kwa mkataba. Sharon Chepchumba, kwa mfano, alikwenda Ugiriki kuchezea Aris ya Thessaloniki. Huko sasa tunaingia katika ulimwengu mwingine, ambapo voliboli yenyewe ndiyo mshahara, na hakuna ofisi nyuma yake. Tuuangalie kidogo ulimwengu huo, maana ndio watu wanaouota bila kuujua.

Katika Urusi alizaliwa mwaka 1980 msichana anayeitwa Ekaterina Gamova, katika mji wa Chelyabinsk, mji wa viwanda vya chuma. Alikua mpaka akafika mita 2 na sentimita 2. Fikirini mlango wa nyumba yako: huyo angeinama kila akiingia na kila akitoka. Voliboli ilikuwa kazi yake tangu ujana. Alicheza Yekaterinburg chini ya Nikolai Karpol, kocha ambaye dunia nzima ilimjua kwa kuwapigia kelele wachezaji wake. Kisha Moscow, kisha mwaka mmoja Uturuki katika Fenerbahçe, kisha Kazan mpaka mwisho. Alikuwa bingwa wa dunia mara mbili, mwaka 2006 na 2010, na mara zote mbili Urusi iliwafunga Wabrazili seti 3 kwa 2.

Lakini medali ya dhahabu ya Olimpiki ilimkataa, na namna ilivyomkataa inauma. Mwaka 2000 huko Sydney, Urusi ilikuwa inaongoza seti mbili kwa sifuri mbele ya Kuba kwenye fainali. Ilibaki seti moja tu. Wakafungwa 3 kwa 2. Mwaka 2004 huko Athens, fainali tena, safari hii na China, Warusi wakaongoza tena mbili kwa sifuri, wakafungwa tena 3 kwa 2. Mwaka 2012 huko London, kwenye robo fainali na Brazili, Warusi walipata nafasi sita za kumaliza mchezo. Sita! Kila mara ilibaki pointi moja tu. Wakafungwa. Mwaka 2016, akiwa na miaka 35, Gamova alitangaza kwamba anaacha.

Miaka 35, wamama. Kwa mwalimu, kwa muuguzi, kwa mama mwenye duka, huo ndio umri wa kuanza kupata nguvu ya kweli. Kwa mchezaji ni uzee. Hata yule aliyefika juu kabisa, aliyekuwa na klabu za kulipa na madaktari wa kumpima goti, kazi yake ilikwisha kabla mwanamke wa kawaida hajafika katikati ya maisha. Basi mtu akija nyumbani kwako na kusema binti yako ataokoa familia nzima kwa mpira, mpe kiti, mpe maji, lakini umwulize atafanya nini akifika miaka 35.

Jibu zuri la ulizo hilo nililiona katika maisha ya Janet Wanja wa Kenya. Huyu hakuwa mpigaji wa mipira ile mikali ambayo watu wanaipigia makofi. Alikuwa yule anayepokea mguso wa pili na kumwinulia mwenzake mpira mahali panapofaa ili apige. Wapigaji wanasifiwa, lakini asiyejua kuandaa akikaa mahali pale, timu nzima inakufa njaa. Kila mama anayelisha nyumba anaelewa kazi hiyo bila kufundishwa. Wanja alicheza Olimpiki ya Athens mwaka 2004 akiwa na miaka 20. Alipoacha kucheza hakutoka katika voliboli. Alibaki na wenzake kama mkufunzi wa mazoezi ya mwili wa timu ya taifa, anawatayarisha wadogo zake kwa yale aliyoyapitia mwenyewe. Kansa ya kibofu cha nyongo ilimchukua tarehe 27 mwezi wa 12 mwaka 2024. Alikuwa na miaka 40. Violet Barasa, yule wa bendera ya Athens, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2007, naye alikuwa na miaka 31. Ninawataja kwa heshima, na pia kwa sababu wasichana wetu wanapoona picha za wachezaji wanafikiri mwili wenye nguvu haufi. Unakufa. (Kuhusu nyongo: maumivu upande wa kuume chini ya mbavu yasiyokwisha, macho kugeuka ya manjano, mwili kukonda bila sababu, mama mwenye dalili hizo aende kituo cha afya, asikae nyumbani na majani peke yake.)

Na kwetu Kongo je? Katika mpira mwingine wa mikono, ule wa kikapu, tuko na wa kumtaja. Mwadi Mabika alizaliwa Kinshasa mwaka 1976. Alikwenda Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na timu ya wanawake ya Zaïre, na mwaka uliofuata akaingia katika ligi ya wanawake ya Marekani iliyokuwa inaanza. Akiwa na Los Angeles Sparks alipata ubingwa mwaka 2001 na 2002. Mkongomani, mwanamke, aliishi kwa mpira miaka mingi. Shangazi anaposema mpira haujalisha mtu, mwelezeni huyo.

Hata hivyo, shangazi hajakosa kabisa. Hapa Masisi na Walikale hakuna benki inayokuja kuajiri wasichana kwa sababu wanaruka vizuri. Mashule mengine yamekuwa makao ya waliokimbia vita, na viwanja vimejaa mahema. Kutoka kijijini mpaka mahali pa mashindano kuna njia ambazo hakuna mzazi mwenye akili atamtuma binti peke yake. Kwa hiyo nikijibu ulizo la mama wa Nyabiondo moja kwa moja: ndiyo, ni kazi, lakini mahali penye mwajiri au klabu ya kulipa; na hapa kwetu, leo, bado ni ngazi tu. Ngazi inafaa ikiegemezwa kwenye ukuta. Ukuta wenyewe ni masomo. Binti huyu acheze, lakini minervale ilipwe kwanza na diploma ya serkali ipatikane, ili siku akitokea mtu wa kumchukua Goma, Bukavu, Kampala au Nairobi, awe na karatasi mkononi. Mwajiri wa ofisi akiona wachezaji wawili wenye nguvu sawa, atamchukua anayejua kuandika barua.

Sasa nizungumze na baba, maana najua barua hii inasomwa pia na wabwana, hata kama wanaikunja haraka tukiingia. Baba, kama shida ni kaputula, ongea na mwalimu. Wako wasichana wengi wanaocheza na suruali ndefu ya mazoezi, na mpira hauulizi. Kama shida ni mahari, angalia upande huu: Kerri Walsh Jennings wa Marekani, bingwa wa voliboli ya ufukweni mara tatu, mwaka 2004, 2008 na 2012, alipochukua dhahabu ya tatu alikuwa amekwisha kuzaa wavulana wawili, na alikuwa na mimba ya majuma matano ya mtoto wa tatu. Kuruka hakufungi tumbo. Maneno yale ya kwamba msichana akicheza hatazaa tuyaache kando ya barabara, tuendelee na safari.

Kuna shida ya kweli, na ndiyo ningependa baba na mama wakae nayo pamoja. Ni watu wanaozunguka mchezo. Mwalimu wa mazoezi anayetaka kubaki peke yake na msichana mmoja baada ya wenzake kuondoka. Safari ya mashindano isiyo na mama hata mmoja ndani ya gari. Mtu mgeni anayesema ana klabu Dubai au Ulaya, anataka picha za binti, anataka pesa kidogo ya "karatasi", kisha anataka pasipoti akae nayo yeye. Klabu ya kweli haimwombi mzazi pesa ili imchukue mtoto wake. Mkataba wa kweli una jina la klabu, mshahara, muda, na mahali pa kulala. Unasomwa na mtu wa tatu anayejua lugha ile kabla ya sahihi, na pasipoti inabaki mkononi mwa mwenyewe. Binti wa miaka 15 hasafiri kwa ahadi ya telefone. Wasichana wetu wamepotea kwa ahadi za kazi za nyumba na za mikahawa. Ahadi ya mpira ni nguo nyingine ya mwizi yule yule.

Basi vikundi vyetu vifanye nini? Ninaona kazi moja inayowezekana hata mahali penye mahema. Wamama wawili wa zamu wakae kando ya kiwanja kila siku ya mazoezi. Walete kazi yao ya mikono, wasuke, wachambue maharagwe, lakini macho yawe pale. Kocha mzuri atafurahi. Kocha mbaya atatafuta kiwanja kingine. Zamu hiyo haihitaji mradi wala mfadhili.

Wako pia wasichana wafupi, nao wanauliza kama mlango umefungwa kwao. Haujafungwa. Tangu miaka ya 1990 kuna mchezaji anayeitwa libero, anayevaa fulana ya rangi tofauti na wenzake. Kazi yake ni ya nyuma: kupokea mipira inayoanguka kama mawe na kuiokoa kabla haijagusa udongo. Haruhusiwi kwenda mbele kupiga. Huko kinachotakiwa ni mtu mwepesi, asiyeogopa kuanguka. Yule mdogo wenu anayekamata kuku kabla hajageuka, mjaribuni hapo.

Kuhusu chakula, msiogope; hakuna chakula cha kizungu kinachotakiwa. Maharagwe, viazi na maziwa ya Masisi, sombe, samaki na mawese ya Walikale, hayo yanajenga mwili wa mchezaji. Kinachowaangusha wasichana wengi ni kufika kiwanjani saa tisa bila kula kitu tangu asubuhi, baada ya kuchota maji mara tatu. Siku ya mazoezi, kaka achote. Na siku za mwezi, binti awe na vitambaa safi vya kutosha na mahali pa kubadilisha; bila hivyo atasema anaumwa kichwa, atabaki nyumbani, na mwalimu atafikiri ni mvivu.

Kwa kikundi kinachotaka kuanza, vipimo ni hivi. Kiwanja kina urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, kimegawanywa katikati. Kila upande wachezaji sita. Wavu wa wanawake unafika juu mita 2 na sentimita 24. Kwa watoto shusheni. Seti inakwisha kwa pointi 25 na tofauti ya mbili, ya tano kwa 15, na anayeshinda seti tatu ndiye mshindi. Kama hakuna wavu, kamba iliyofungwa kwenye miti miwili na vipande vya kitenge kikuukuu vinavyoning'inia inatosha kuonyesha kama mpira umepita juu au chini. Mpira wenyewe ndio wa kununua, na kwa hapo likelemba ya wamama 20 inaweza kuupata katika mizunguko michache. Ondoeni mawe kwanza, chimbeni kidogo mahali pa kuangukia, na nguzo zisimikwe na watu wawili, mmoja ashike, mwingine ashindilie.